Siku Fidla Ilipomfunika Malati

Siku hizi nikialikwa mahali, sialikwi mimi, inaalikwa hadithi yangu. Fidla naibeba kama kitambulisho tu. Mtu akishakunywa chai na kula keki atanigeukia aseme, "Anko Custodio, hebu tuambie ile siku ulipomfunika Malati Wagle." Nami nimeitoa hadithi hiyo kwa miaka arobaini na miwili, kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye matanga, na redioni mara mbili. Imo hata kitabuni, pamoja na picha yangu nikiwa bado na nywele.

Hadithi ni ya uongo. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma mahali nisipostahili.

Malati Wagle, mwimbaji wa nyimbo za filamu, alifariki mwezi wa Juni, mvua za kwanza zilipoanza. Kwa siku tatu hukuweza kunyolewa ndevu pale mtaani kwetu Mahim bila kuisikia sauti yake. Vinyozi, wauza tambuu, wapiga pasi, kila mwenye redio alimfungulia. Dereva wa teksi alinipitisha barabara nzima akiimba naye, halafu akaniuliza kama niliwahi kumwona kwa macho yangu. Nikasema hapana. Nilishuka nikiwa nimejichukia.

Wiki tatu baadaye akanipigia simu Ghanshyam Oza, mfamasia wa Dadar ambaye dawa ni kazi yake lakini santuri za zamani ndizo mke wake. Alikuwa anaandaa hafla ya kumuenzi Malati, Jumapili asubuhi.

"Anko, utapiga fidla kidogo, halafu utasimulia ile siku. Halafu nina kitu, Anko, kitakuua kwa furaha!"

"Nina miaka sabini na moja, Oza. Usinitafutie cha kuniua."

"Njoo mapema tu. Utaona!"

Nilitaka kukataa. Nilikubali. Ndivyo nilivyo; kukataa kumenishinda tangu ujana, na kusema kweli kumenishinda zaidi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Sisi wapiga muziki tulimwita Dada, hata wale waliomzidi umri. Waimbaji wengine wakifika studio walikwenda moja kwa moja kwenye kibanda chao cha vioo, utadhani sisi watu sitini tuliokaa nje ni viti. Yeye alivua ndala mlangoni, akapita safu kwa safu. "Menezes, mguu wa mama umepona? Custodio, Philomena bado anatapika? Mpe tangawizi." Kisha alisimama peku mbele ya maikrofoni, ncha ya sari ameiviringa kidoleni, akawa anahesabu mapigo kwa kuifinya. Nilikaa mita tano kutoka kwake kwa miaka sita, na nakuambia, sauti ile haikuwa na jasho. Noti ya juu ambayo wengine waliipanda kwa kuhema, yeye ulimkuta tayari yuko kule, ametulia, anakungoja.

Wakati ule wimbo ulirekodiwa kwa mkupuo mmoja, mwanzo hadi mwisho, watu wote pamoja. Mmoja akikosea, hata mpiga njuga, wote mnarudi mwanzo. Feni zilizimwa, maana maikrofoni zilikuwa zinanasa mvumo wake, hivyo tulikuwa tunapikwa mle ndani na tai zetu shingoni.

Ilikuwa Agosti ya mwaka sitini na nane. Wimbo ulikuwa wa mwanamke anayeiomba mvua isinyeshe kwanza, mpaka mume wake afike mlangoni. Kwenye ubeti wa mwisho vyombo vyote vilitakiwa vinyamaze. Dada apande peke yake mpaka juu kabisa, aishikilie noti ile, aiache. Kifuate kimya. Halafu fidla yangu peke yake ndiyo iingie.

Sisi Wagoa tulipiga kwa kusoma karatasi. Dada alikuwa na maneno yake kwenye daftari la shule, na muziki wote kichwani. Sisi tulifuata noti zilizoandikwa, na tulijivuna kwa hilo, tukawacheka wenzetu wasiojua kuzisoma. Mtu mwenye karatasi hasikilizi, anasoma. Likiandikwa "ingia", anaingia, hata kama nyumba inaungua.

Tulishafika mara ya saba bila kufanikiwa, na mbili kati ya hizo saba ziliharibika kwa sababu yangu. Chandumal, tajiri mwenye filamu, alikuja mpaka kwenye kiti changu. "Wewe! Kosa moja tena, unarudi Goa ukaangue nazi. Na studio hii hutaiona tena." Nyumbani mke wangu Philomena alikuwa na mimba ya miezi minane, na chumba tulikuwa tumekipanga kwa jina la kazi ile. Wakatupa dakika kumi za kupumzika. Nikanunua kachori mbili za viazi kwa muuzaji wa getini, nikazila huku karatasi ziko magotini, nikikariri sehemu yangu kwa hofu. Chatne ikadondoka. Ilikuwa ile ya ukwaju na sukari guru, nzito kama gundi. Nikaifuta kwa mkono wa shati, nikaona yamekwisha.

Mara ya nane tulikwenda vizuri ajabu. Hata tajiri aliacha kutafuna tambuu. Tukafika ubeti wa mwisho, nikaondoa karatasi ya nne. Ikaondoka na ya tano, zimegandana, nami sikujua. Mbele yangu ikabaki ya sita: "Fidla peke yake. Ingia." Nikaingia. Nikaingia kwa nguvu zangu zote juu ya noti ya Dada, katikati yake, kama mbuzi aliyeingia msikitini.

Kila kitu kikasimama. Nikaona tajiri anainuka kitini. Nikamwona Philomena na tumbo lake.

Mlango wa kibanda cha vioo ukafunguka. "Jamani, nisameheni," Dada akasema, tena kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni mimi. Sauti imenipasukia kule juu. Huyu kijana kaisikia kabla yenu, akawahi kuingia anifunike. Mungu ambariki."

Akaja mpaka kwenye kiti changu. Tajiri naye alikuwa anakuja. Dada akaangalia karatasi zangu kwa kitambo kidogo tu, akaichukua ile niliyoiondoa, iliyokuwa mbili zimegandana. "Joto gani hili! Nipe nijipepee." Akajipepea nayo mbele ya uso wa tajiri, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake.

Alinipa mkupuo mmoja, basi. Hakujua anatoa zaidi ya hapo. Lakini Chandumal alikuwa amechoka naye siku nyingi, anatafuta sababu ya kumweka binti mmoja mdogo, mpwa wa mkewe. Akasema Dada akapumzike, tutarudia wiki ijayo. Wiki iliyofuata alisimama binti yule kwenye kibanda, na gazeti la sinema likaandika kwamba sauti ya Malati Wagle imepasuka. Watunzi wakaogopa. Mwaka ule Dada alikuwa ameimba nyimbo themanini. Mwaka uliofuata kumi na moja. Baada ya miaka mitatu aliimba bhajan, nyimbo za ibada, kwenye redio alfajiri, basi.

Ningeweza kusema wiki ile. Neno moja tu: mimi. Mtoto akazaliwa, nikasema nitasema akibatizwa. Akabatizwa. Kisha mwandishi wa gazeti akaja kuniuliza kuhusu "kijana aliyemfunika", na kwa mara ya kwanza maishani mtu akaandika jina langu. Nikanogewa. Nikaanza kuongeza chumvi: jinsi nilivyoona shingo ya Dada ikitetemeka, jinsi nilivyojua kabla. Asante ya punda ni mateke, na mimi niliyapiga kwa miaka arobaini na miwili, tena kwa kupigiwa makofi. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu walinitandikia zulia.

Dada mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Sauti ni ya Mungu," akageuza mazungumzo. Kila Krismasi nilimpelekea sinia la vitamu vyetu vya Kigoa, na sikuwahi kulipeleka mwenyewe hata mara moja. Alikwenda Philomena. Sinia halikurudi tupu, lilirudi na laddu, vitamu vyao vya mviringo, na salamu: "Mwambie Custodio aje siku moja tuongee." Philomena alikuwa ananiangalia. "Mbona huendi? Mwanamke wa watu anakuita." Nikasema nina mazoezi. Philomena naye ametangulia, hajui.

Basi Jumapili ile nikafika Dadar mapema. Oza akanivuta chumba cha nyuma. Mle alikuwa ameketi Bi Vimal, mdogo wake Dada, mjane mwenye nywele nyeupe tupu, aliyeishi naye mpaka mwisho. Mezani palikuwa na mashine ya kanda za zamani.

"Nimeipata kwa mjane wa fundi wa sauti," Oza alinong'ona kana kwamba kuna maiti chumbani. "Mara ya nane. Yenyewe, Anko! Ile ile!"

Nikakaa. Nikajisemea, haya Custodio, leo umekwisha.

Akaiwasha. Sauti ya Dada ikatoka, ya mwanamke wa miaka thelathini na tisa, ikapanda ikafika juu, ikatulia pale safi kama maji ya mtungi. Haikuwa na ufa wowote. Kisha fidla ikaivamia kwa fujo. Mtoto wa shule angejua nani kakosea.

Oza alikuwa amefumba macho. "Umesikia? Hapo! Umesikia inavyopasuka? Na wewe unavyoingia, kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka."

Nikamtazama. Hakuwa anatania. Mfamasia yule alizijua santuri elfu sita kwa sikio, na alisikia ufa kwa sababu aliambiwa upo. Lisemwalo lipo, husemwa. Hapa halikuwapo, na bado wanalisikia.

"Nimesikia," Bi Vimal alisema, akajifuta macho. "Maskini dada yangu."

Nilitakiwa nifurahi. Ushahidi umetoka kaburini na bado nimepona! Badala yake nilielewa kwamba nisiposema mimi, hakuna mashine wala mtu duniani atakayesema.

Bi Vimal akafungua mkoba. "Kaka Custodio, wewe unajua maandishi haya ya muziki wa Kizungu. Nimeikuta chini kabisa ya sanduku la Dada, ndani ya sari yake ya harusi. Kikaratasi kichafu hivi, amekiweka miaka yote. Ni nini?"

Wino wa bluu ulikuwa umefifia. Juu palikuwa na namba nne. Pembeni, doa la kahawia limekauka likang'aa. Karatasi ilikuwa nene kuliko inavyopaswa.

"Ya mazoezi tu, bibi," nikasema. "Haina maana."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Nilikuwa nimekwishaamua kuungama, na mdomo wangu ukasema hivyo, kwa mazoea.

"Basi nitaihifadhi tu, maana ni yake," akajibu, akairudisha. "Mimi ndiye niliyemuuguza koo mpaka siku ya mwisho. Najua alivyoteseka."

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Picha ya Dada ilivishwa mashada ya asumini, taa ikawashwa, vijana wakaimba nyimbo zake kwa zamu. Waliimba vizuri, wapumbavu wale, hata nikalia. Kisha Oza akashika maikrofoni na kunitambulisha kwa maneno ambayo nisingeyavumilia hata kwenye jeneza.

Nikasimama. Nikaiweka fidla kitini.

"Sauti ya Malati Wagle haikupasuka," nikasema. "Siku ile nilikosea mimi. Niliingia kabla ya wakati. Yeye alijitwika kosa langu ili nisifukuzwe kazi. Nimewadanganya miaka arobaini na miwili."

Kisha mzee mmoja safu ya tatu akainuka. "Shabash!" Akapiga makofi. Wa pili akainuka, wa tatu, ukumbi mzima ukasimama.

"Mnamwona bwana huyu?" Oza alikuwa analia wazi. "Dada kafariki, na bado anamfunika! Bado anamfunika!"

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Nawaambieni nilikuwa mwongo!"

"Na unyenyekevu wake!" mwanamke mmoja akamwambia mwenzake.

"Oza, weka hiyo kanda! Wasikie wenyewe!"

Akaiweka. Sauti ikapanda, ikatulia pale juu bila doa, na watu mia sita wakaguna kwa pamoja, "Aaah," wakishika vifua. Walisikia ufa. Wakanitazama kwa mapenzi. Nimewahi kuzomewa mara moja, kule Pune, na naapa ilikuwa afadhali.

Mtu mmoja tu hakusimama. Bi Vimal alikuwa amekaa safu ya mbele, mkoba mapajani, ananitazama mimi, si kwa mapenzi.

Nikashuka jukwaani, magoti yakilia. "Bibi, ile karatasi. Nilikudanganya. Nipe."

Akanipa. Nikapanda nayo mpaka kwenye maikrofoni.

"Hii ilikuwa yangu. Siku ile nilikula kachori, chatne ikadondoka hapa. Dada aliiona, akaichukua, akajifanya anajipepea, tajiri asiione. Mnadhani ni karatasi moja."

Nikaingiza ukucha pembeni nikavuta. Zilipoachana zilitoa mlio mrefu wa kuchanika, na maikrofoni ikaupeleka mpaka ngazini. Vijana wapiga muziki waliokuwa pembeni ya jukwaa wakanyoosha shingo. Nikampa ya pili msichana wa fidla aliyekuwa karibu.

"Soma. Imeandikwa nini?"

Akaigeuza huku na huku. "Pumziko," akasema. Akashusha macho mstari kwa mstari. "Pumziko. Pumziko. Ukurasa mzima ni pumziko, Anko. Unatakiwa unyamaze mpaka mwimbaji amalize."

"Huo ndio niliouruka."

Yule msichana alikwisha kuelewa. Alitazama mashine ya kanda, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua moja. Oza bila kuambiwa akairudisha kanda, akaiwasha tena. Sauti ikapanda. Ikatulia. Safari hii hakuna aliyeguna. Fidla ilipoivamia, watu walikunja nyuso, na hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa safu ya tatu akakaa polepole kama mtu aliyesikia msiba upya.

Nikashuka nikasimama mbele ya Bi Vimal. Nikasema nisamehe, neno dogo kweli.

"Kwa hiyo koo lake lilikuwa zima," akasema.

"Zima kabisa, bibi."

"Tangu lini?"

"Siku zote."

Akawa anakunja na kukunjua ncha ya sari yake. "Mimi nilimkataza kuimba nyumbani. Hata harusi ya mwanangu nilimwambia, Dada, usijiumize. Na kila jioni nilimchemshia maziwa ya manjano na pilipili manga ya koo. Miaka arobaini na miwili. Hakuwa anayapenda, nilimwona anavyoziba pua." Akaniinulia macho. "Nikimpa, alikuwa ananishukuru, anayanywa yote."